Kuusubiri Mtetemo

Kitanda kiligonga ukuta, kikatulia, kikagonga tena. Fundi alikuwa amekunja mashuka mawili na kuyasokomeza kati ya mbao na ukuta, lakini mtetemo ulipita humo humo. Mumewe alilala chali, macho wazi, hawezi kujigeuza. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukienda wenyewe, kidole gumba kikivingirisha kitu kisichoonekana, bega likaufuata mkono, na mguu ukafuata bega.

"Kumekucha?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliyebanwa na kola.

"Bado. Saa kumi na moja."

"Basi zimebaki saa mbili. Nitafika. We lala."

"Nilale vipi na wewe unapiga ngoma?"

Alitaka kucheka, lakini uso wake ulikuwa umekakamaa na kicheko kikabaki kooni. Kisha mate yakampalia, akakohoa, akakohoa tena bila kuweza kuinua kichwa, mpaka mkewe alipomshika mabega na kumkalisha kama anavyokalishwa mtoto wa miezi minne.

Mtaani walimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake iliyokaa barazani. Mumewe walimwita Mpimaji, kwa kuwa kazi yake ya miaka ishirini na miwili ilikuwa kupima chanjo za mifugo kwenye maabara. Asubuhi hiyo Mpimaji alikuwa akisubiri gari la hospitali limpeleke kutobolewa fuvu na kuwekewa ubongoni waya mwembamba wa umeme, ambao ukiwashwa ungetuliza mwili wake. Tangu jana jioni alikuwa amekatazwa kunywa hata kidonge kimoja cha kuzuia mtetemo.

Muuguzi alieleza sababu. Lakini siku ile ya maelezo Fundi alikuwa akikitazama kiunzi cha chuma kilichokuwa mezani, kile kitakachofungwa kwa skrubu kwenye kichwa cha mumewe, na maneno yakampita. Kilichomkaa akilini ni kwamba dawa imekatazwa kama chakula kilivyokatazwa, mambo ya tumbo kuwa tupu tu. Na kidonge kina ukubwa gani? Kama punje ya dengu.

Alikwenda jikoni. Maji ya kulainisha midomo yaliruhusiwa. Alikiponda kidonge chini ya kijiko, akakoroga, akarudi akamnywesha mumewe vijiko vitatu.

"Maji yana uchungu," Mpimaji alisema.

"Mdomo wako ndio mchungu. Hujala tangu jana."

Baada ya nusu saa hivi, kitanda kikanyamaza.

*

Wa kwanza kupiga kelele alikuwa mamamkwe. Alikuwa amekuja kukaa nao wiki hiyo kwa ajili ya upasuaji, na alfajiri hiyo alikuwa sebuleni amepiga magoti mbele ya kochi, anaomba, mlango wa chumbani ulipofunguliwa na mwanawe akatokea, amesimama wima, anafunga vifungo vya shati.

"Kitinda!" alisema. Ndilo jina alilomwita tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba. "Kitinda, mwanangu! Unatembea!"

"Natembea, mama."

"Nyoosha mkono."

Akaunyoosha. Ulikuwa mkono wa kawaida, wenye mishipa na kovu la glasi kwenye kiganja, na haukutikisika. Bibi yule akaushika kwa mikono miwili, akaugeuza, akaubusu, kisha akakaa chini sakafuni.

"Nimeomba siku arobaini," alisema. "Arobaini leo."

Fundi alikuwa amesimama na kijiko mkononi. Alitaka kusema, lakini mamamkwe alikuwa akilia kwa furaha, na furaha ya namna ile hawakuwa wameiona ndani ya nyumba kwa muda mrefu. Akaenda kuosha kijiko.

Njiani mamamkwe alitumia simu yake mfululizo. Aliwapigia binti zake watatu, mmoja baada ya mwingine, akawaambia kila mmoja kwa sauti ambayo dereva aliisikia vizuri: "Kapona! Nakwambia kapona! Tunakwenda tu kuwaonyesha madaktari."

Mpimaji aliutazama mkono wake juu ya goti. Mtu wa kazi yake haamini kitu alichokiona mara moja.

*

Daktari wa ubongo alikuwa mwanamke mfupi, aliyevaa raba nyekundu. Alikuwa amekuja na wenzake kwa wiki moja tu, kwa ajili ya utafiti, na utafiti huo ulikuwa umechagua wagonjwa sita. Wanne walikwisha pita. Wa tano na wa sita walipangwa siku hiyo, Mpimaji akiwa wa kwanza, na kesho yake daktari angepanda ndege.

"Nyoosha mikono, Mpimaji," alisema. Alilipenda jina hilo, akalitumia tangu siku ya kwanza.

Akanyoosha.

"Gusa pua. Gusa kidole changu. Tena." Daktari akaacha kutabasamu. "Gonga vidole hivi, haraka." Akamgeukia msaidizi wake, kijana mwenye faili, kisha akarudi kwa mgonjwa. "Umekunywa dawa?"

"Sijanywa."

"Tangu jana jioni?"

"Tangu jana saa kumi na mbili jioni. Nimeandika." Akatoa daftari dogo kwenye mfuko wa shati. Alikuwa na tabia hiyo, kuandika kila kitu na saa yake.

Daktari aliliangalia daftari, akauangalia mkono. "Mkono huu umekunywa dawa," alisema polepole.

Muuguzi aliyekuwa akipanga sindano kwenye sinia akavuta pumzi kwa pua. "Wengine wanafikiri tunacheza hapa," alimwambia mwenzake, si kwa sauti ya chini sana.

Kijana mwenye faili akaandika. Mpimaji, aliyezoea kusoma daftari la mkubwa wake kutoka ng'ambo ya meza, aliweza kusoma maandishi yaliyopinduliwa. *Mgonjwa hakufuata maelekezo.* Masikio yake yakapata moto. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuandika namba ambayo hakuiona kwa macho yake. Hata mwaka ule alipoondolewa kwenye vichupa vya chanjo na kuwekwa mlangoni kuandika majina ya wageni, mkono ukirukaruka na mwandiko umepinda kama mchwa umepita, kila jina aliliandika sawa na kila saa ilikuwa ya kweli.

"Daktari," alisema, "mimi si mwongo."

"Sijasema wewe ni mwongo. Lakini siwezi kukufungua kichwa leo."

"Si ndivyo?" mamamkwe akadakia kutoka mlangoni. "Mtoto kapona, mnatafuta nini kichwani mwake? Kitinda, vaa viatu twende nyumbani."

"Mama, subiri."

"Nisubiri nini? Mungu kajibu, wewe unataka jibu la pili?"

Daktari akamwendea bibi, akamshika mkono. "Mama yangu, nisikilize. Ndani ya kichwa hakuna kibao cha kuniambia nimefika. Napitisha waya taratibu gizani, na kibao changu ni mkono wake. Lazima awe macho, lazima atetemeke. Nikigusa pale penyewe, mkono unatulia, najua hapo ndipo. Sasa mkono umetulia kabla sijaanza. Nitajuaje nilipo?" Akamgeukia Mpimaji. "Mwakani, utafiti ukipata kibali tena, tutakuita. Pole sana."

Hapo ndipo Fundi alipoielewa sababu ambayo siku ile ilimpita.

"Daktari, naomba kusema."

Wote wakamtazama: daktari, muuguzi na sinia yake, kijana na faili, mamamkwe, na mumewe.

"Ni mimi. Nilimpa kidonge alfajiri. Nilikiponda kwenye maji, hakujua. Alikuwa anapaliwa, nikashindwa kuangalia." Akamgeukia kijana mwenye faili. "Futa hayo uliyoandika, mwanangu. Yeye hajui uongo. Andika langu."

Muuguzi aligundua kwamba sindano zake zilihitaji kupangwa upya.

"Kwa hiyo ni kidonge," mamamkwe alisema mwishowe.

"Ni kidonge, mama. Nisamehe."

"Nimewapigia dada zake wote watatu."

"Najua, mama. Nilikuwa kwenye gari."

Daktari alikuwa akitazama saa ya ukutani. "Kidonge kimoja? Saa ngapi?"

"Kimoja. Saa kumi na moja na dakika chache."

"Basi tubadilishane. Mgonjwa wa sita anaingia sasa. Nikimaliza, kwenye saa sita, nitakuja kumwona huyu. Nikimkuta anatetemeka, anaingia. Nikimkuta hivi alivyo…" Hakumalizia. Alimgusa Fundi begani alipokuwa akipita, akatoka, na raba zake zikalia kwenye sakafu iliyopigwa dawa.

*

Walipewa chumba kidogo chenye viti vya plastiki vilivyounganishwa kwa chuma, kiasi kwamba mmoja akijigeuza, wote watatu wanahisi. Mpimaji alikaa katikati.

"Umeninywesha dawa bila kuniambia," alisema baadaye. "Hata ng'ombe tunampitisha kwenye kibanio cha kuchanjia, anaiona sindano."

"Nilikuonea huruma."

"Nilihisi uchungu. Nikasema ni woga huo. Nikajidharau bure asubuhi nzima kwamba mimi ni mwoga."

Fundi akainamisha kichwa. "Nikemee tu. Nikemee ukasirike, ukikasirika si unatetemeka zaidi?"

Mpimaji alimgeukia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukalegea. "Fundi, wewe! Yaani hata kosa lako unataka lifanye kazi!"

Alicheka kwa kifua chake chote, na viti vitatu vikacheka naye. Mamamkwe alijizuia, akashindwa, akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Sikilizeni," Mpimaji alisema, akitoa daftari. "Hii ni kazi yangu. Mnajua kabati la joto kule maabara? Tunachukua chanjo ya ng'ombe tunaitia humo, nyuzi arobaini, tunasubiri. Haiwezi kupimwa kwenye friji; ndani ya friji kila chanjo ni nzuri. Unaiweka kwenye taabu, unaandika siku, mpaka uone inachoka lini. Ndivyo tunavyojua kama itamfikia mfugaji wa mbali asiye na umeme." Akamkabidhi mkewe kalamu. "Leo chupa ni mimi. Kila robo saa nitanyoosha mkono. Wewe andika utakachoona. Si unachotaka kuona."

"Na mimi?" mama yake aliuliza.

"Wewe, mama, ushike huu mkono. Vidole vyako vilinijua kabla ya wote."

Saa mbili na robo: *umetulia.* Saa mbili na nusu: *umetulia.* Fundi aliandika kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika vipimo vya viuno kwenye karatasi. Watu waliingia na kutoka. Mwanamke mmoja aliyekuja kumtazama jirani yake aliuliza mgonjwa wao ana nini, na mamamkwe akamjibu, "Hatetemeki," kwa huzuni kubwa, na yule mwanamke akasema pole, kisha akatoka amekunja uso.

Saa tatu: *umetulia.* Saa nne kasorobo: *umetulia.* Fundi aliacha kuangalia mlango. Alikumbuka alivyouchukia mtetemo ule. Alikumbuka vikombe alivyovificha na kununua vya bati. Alikumbuka harusi waliyoondoka mapema kwa sababu watoto wa meza ya pili walikuwa wakimwiga mumewe anavyopeleka kijiko mdomoni. Kila asubuhi kwa miaka sita alikuwa ameamka na kuutakia ufe. Na sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akiuita kimoyomoyo, njoo, tafadhali njoo, kama anayemwita mtu aliyemfukuza mwenyewe.

Saa nne na nusu: *umetulia.*

"Mama, usiombe kimya kimya namna hiyo," Mpimaji alisema. "Unaombea upande gani?"

"Naomba," mama yake alisema, "na sijui niseme nini. Siku arobaini nimemwambia auondoe. Nitarudije kumwambia aurudishe? Ataniona nimechanganyikiwa."

"Mwambie ulikosea saa tu."

Bibi akafumba macho tena. Mkono wa mwanawe ulikuwa kati ya viganja vyake. Nje, mtu alikuwa akisukuma toroli lenye gurudumu bovu, tik, tik, tik, likipita mlangoni na kupotelea kwenye korido. Toroli lilipokwisha kupotea, bibi akafumbua macho.

"Nyamazeni."

Walikuwa wamenyamaza.

"Kuna kitu," alinong'ona. "Humu, kwenye kidole gumba. Kama moyo wa kifaranga."

Fundi aliinama mpaka nywele zake zikagusa mkono wa mamamkwe. Hakuona kitu. Kisha akaona. Kidole gumba kilisogea, kikarudi, kikasogea. Kikakitafuta kidole cha pili, kikakipata, na vikaanza tena kuvingirisha ile punje yao isiyoonekana, taratibu kwanza, halafu kama vilivyozoea.

"Kimerudi!" mamamkwe alisema. "Kitinda, kimerudi, mwanangu, kimerudi!" Na machozi yalikuwa yale yale ya alfajiri.

"Andika saa," Mpimaji alisema.

Fundi aliandika: *Saa tano kasoro dakika tano. Umerudi.* Akalikumbatia daftari, akamkumbatia mumewe na mamamkwe pamoja, na viti vyote vikatetemeka nao.

*

Kiunzi cha chuma kilikuwa kizito kuliko Mpimaji alivyodhani. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, kimetiwa ganzi, kimefungwa, na mbele ya macho yake kulikuwa na pazia la plastiki ambalo nyuma yake sauti ya daktari ilitoka kama ya mtu aliye chumba cha pili. Sauti ya keekee ilikuwa imekwisha pita. Ilimtikisa meno, lakini haikuuma. Ubongo, daktari alimwambia, hauna maumivu yake wenyewe. Unahisi ya wengine tu.

"Sasa tunashuka," daktari alisema. "Milimita kwa milimita. Utasikia kelele kwenye spika. Usiogope, hizo ni seli zako."

Mwanzoni kulikuwa na mkwaruzo, kama redio iliyo kati ya stesheni mbili. Kisha ukimya. Kisha, kutoka kwenye spika ndogo juu ya mashine, mvua ilianza kunyesha juu ya mabati. Mvua kubwa, nzito, yenye mipigo.

"Hiyo nini?" Mpimaji aliuliza.

"Wewe."

Alilala akisikiliza. Miaka sita alikuwa ameuangalia mkono wake kama mwizi aliyeingia nyumbani, akiukalia, akiufunga kwa tai, akiuficha mfukoni. Kumbe mkono ulikuwa haujui lolote. Ulikuwa unapokea tu mvua hii, iliyonyesha huku juu usiku na mchana, bila mtu wa kuisikia. Aliuonea huruma mkono wake, kisha akashangaa jinsi mtu anavyoweza kulala hai kabisa na kusikiliza mahali ambapo mawazo yake mwenyewe yanatoka. Alitaka kumwambia mtu.

"Seli zake zinasikika vizuri sana," daktari alisema nyuma ya pazia, na sauti yake ilikuwa imebadilika, nayo ilikuwa na heshima. "Tunatia umeme. Volti moja. Moja na nusu."

Mkono uliruka juu ya shuka.

"Mbili."

Uliruka.

"Mbili na nusu."

Ulisimama.

Mtetemo haukuisha kidogo kidogo, kama kidonge kinavyofanya. Ulisimama kama ndege anayetua. Muuguzi wa asubuhi, yule wa sindano, alikuwa upande wa mgonjwa, na alijikuta ameshika mdomo juu ya barakoa yake.

"Mpimaji," daktari alisema, "siku ya kwanza niliwauliza wote mnataka mkono ufanye nini. Wenzako walisema kula, kufunga vifungo. Wewe ulisema nini?"

"Kushika kichupa mbele ya taa. Mpaka unga uzame." Alisita. "Chanjo yetu moja ni nyeupe, daktari. Ukiitikisa inachafuka, ukiiacha unga wake unazama, na muda wa kuzama ndio unaotuambia kama iliharibika. Mimi nilikuwa hata nikitaka kukiweka kichupa mezani, nakitikisa upya. Nikaandika sifuri, sifuri, sifuri. Ndipo wakaniondoa."

Muuguzi alikwenda kabatini bila kuambiwa. Alirudi na kichupa cha dawa ya unga, akatia maji, akakitikisa kwa nguvu mpaka kikawa kama maziwa, akakiweka kati ya vidole vya mgonjwa, chini ya taa kubwa.

Mpimaji akakiinua.

Weupe ulijaa kichupa chote. Kisha, juu kabisa, ukatokea mstari mwembamba wa maji safi kama uzi. Uzi ukawa utepe. Chini unga ulikuwa ukishuka taratibu, chembe juu ya chembe, na hakuna kilichousumbua. Kijana wa faili alikuwa ameinuka kwenye kiti chake ili aone. Utepe ukawa nusu ya kichupa, ukafika chini, na taa ikapita katikati ya maji kana kwamba kichupa kilikuwa kitupu.

"Andika saa," Mpimaji alisema.

Hakuwepo wa kuandika. Kalamu ilikuwa kwa Fundi. Muuguzi akachana kipande cha plasta, akachukua kalamu ya kuandikia ngozi, akatazama saa ya ukutani.

*

Fundi alikuwa amesimama muuguzi alipotokea mlangoni. Muuguzi hakuitaja ile kauli yake ya asubuhi, na wala hakuhitaji kuitaja. Alimpa kile kipande cha plasta.

"Bado wanamshona," alisema. "Betri madaktari wa hapa watampandikiza kifuani wiki ijayo, ndipo iwashwe moja kwa moja. Lakini kasema hii ibandikwe kwenye daftari. Kasisitiza sana."

Fundi alifungua ukurasa, akaibandika chini ya mstari wa mwisho. *Saa tisa na dakika kumi.* Hapakuwa na neno pembeni. Akachukua kalamu aandike mwenyewe, na kalamu haikukaa. Iliruka juu ya karatasi, ikatoka, ikarudi. Alijaribu kuishika kwa mikono miwili, na herufi zikatoka zimepinda, kama za mumewe kwenye kitabu cha wageni.

Mamamkwe alikuwa akimtazama kutoka kiti cha pili. Tangu asubuhi hakuwa amemshika mkono. Sasa alijisogeza, viti vyote vikasogea naye, akachukua mkono wa Fundi wenye kalamu na kuutia kati ya viganja vyake.

"Haya, mkwe wangu," alisema. "Lete nikushike na wewe, umalize kuandika."